Masale Niliyoyapanda kwa Mkono Wangu

Majina ya walionipiga ninayo yote, na ya baba zao pia. Siyataji, kwa sababu wajukuu zao wanakunywa uji kwangu.

Wapimaji waliingia shambani mwangu, huku juu ya Lushoto, wakachomeka vigingi vyekundu katikati ya maharage. Mji unapanuliwa, walisema, na baraza la madiwani litakaa kuamua uishie wapi: kule chini kijitoni au huku juu kwenye vigingi. Kaburi la mume wangu likabaki chini ya vigingi, upande wa mji. Kwetu mtu huzikwa shambani kwake, na nafasi yangu mimi ilikuwa pale ubavuni mwake.

Basi wanawake tukaving'oa. Mimi ndiye niliyetangulia. Katika kila shimo tukapanda masale, maana kwetu masale ndiyo mpaka, na anayeyang'oa anaita kifo nyumbani mwake. Tukaona tumeufungia mji mlango. Hasira jamani! Hatukusogea hata hatua moja kuteremka; tulipanda palepale. Vuli ikanyesha, yakashika.

Siku ya baraza tulijazana madirishani. Diwani wetu akasema, "Mji uishie kijitoni! Watu hawa watalima wapi, barabarani?"

Diwani wa mjini akamjibu, "Mwambie mama yako ahamie Rangwi na maharage yake."

Wetu aliruka meza, akamtwanga kiti cha uso. Jino liliangukia kwenye makaratasi. Wakavaana, na askari wakatugeukia sisi wa nje kwa virungu; kimoja kilinipata begani nikaanguka juu ya jirani yangu.

Kulipotulia, mpimaji akasimama. "Waheshimiwa, vigingi wameng'oa, lakini masale wamepanda kwenye mashimo yaleyale. Mpaka wameuchora wenyewe."

Walicheka, hata diwani wetu na damu yake puani. Wakaamua: mji uishie kwenye masale, usipande zaidi.

Asubuhi nikachukua jembe. Nilikuwa nimekwisha kung'oa la kwanza alipokuja mdogo wake mume wangu na wanawe wawili. Shamba lao liko juu ya langu. Masale yale yamewaokoa.

"Shemeji, weka jembe chini."

"Kaka yako watampitishia barabara kifuani!"

"Kaka yangu amekwisha kufa. Hawa hawajafa."

Nikainua jembe, nami nilikusudia kichwa chake, sisemi uongo. Aliniwahi kwa mpini wa shoka; nikausikia mfupa wa mkono ukilia. Wanawe, niliowabeba mgongoni, wakanipiga mateke ya mbavu mpaka nikatema damu kwenye maharage. Kisha yeye akachukua lile sale, akalirudisha shimoni, akashindilia udongo kwa kisigino. Alikuwa analia kama mtoto, na bado anashindilia.

Kiangazi tingatinga likaja. Mume wangu tulimtoa mapema, mifupa ndani ya shuka. Shemeji alichimba mwenyewe kaburi jipya shambani kwake, juu ya masale, akaacha na nafasi pembeni.

"Hapo pako, shemeji," akaniambia, bila kunitazama.

Mkono huu haukunyooka tena, ila palizi la pale nafanya mimi, pamoja na ile nafasi.