Beseni Moja la Udongo Mwekundu

Vita vilipofunga barabara ya Beni, nadhani mimi peke yangu katika Mususa nzima sikupoteza kitu: tangu zamani sikuwa mtu wa kwenda popote. Kiti, chai, na kuandika vibao vya maduka uani, basi. Dada yangu mkubwa alizoea kunicheka kwamba hata kuku wangu wamenishinda kwa safari.

Yeye alikuwa ametoka Beni, baada ya kumzika mumewe, na sida, yaani UKIMWI, ilikuwa tayari mwilini mwake. Kanisani watu walijua. Kikombe chetu cha Meza ya Bwana ni kimoja, hupita benchi hadi benchi. Wazee wa kanisa wakaamua yeye anywe wa mwisho, na wa mwisho hukuta kikombe kikavu. Hakulalamika. Alitaka kitu kimoja kabla hajafa: anywe pale anapoketi, zamu yake ikifika.

Mchungaji ndiye aliyeleta wazo la ukuta. Kila muumini achovye kiganja katika beseni moja pamoja na dada, apige alama nyuma ya mimbari. Watu wakizoea beseni, watazoea kikombe. Wazee wakasema donc, basi, tutaona. Kazi nikapewa mimi, kwa kuwa nisingeweza kusingizia safari. Rangi ya dukani ilikuwa haifiki tena mjini, nikakoroga udongo mwekundu na uji wa muhogo.

Dada alichovya wa kwanza, mimi nikafuata. Kisha nikaona akina mama wakifungua vitenge: kila mmoja amekuja na kopo lake. Mabaki ya rangi ya mlango, ya baiskeli, ya jeneza. Hakuna aliyekataa kupiga kiganja. Walikataa beseni tu.

Barabara ilipofunguka kidogo, wageni wa kanisa la Beni walisimama mbele ya ukuta ule wa bluu, kijani na manjano, wakasifu furaha yetu. Dada akaniinamia sikioni.

"Mudogo wangu, banasifia woga. Mais, lakini ni woga muzuri."

Sifa ziliwalainisha wazee. Wakatangaza kwamba Meza ijayo dada atapata kikombe kwenye benchi lake. Aliipiga pasi ya makaa blauzi yake mpaka nikamwonya ataiunguza. Siku ikafika, na watu wakatoa mikobani vikombe vyao vya plastiki, shemasi akawamiminia kutoka birikani kana kwamba ndivyo tulivyofanya siku zote. Kikombe cha kanisa kikamfikia dada kimejaa. Akanywa taratibu, akanipa.

"Kunywa, mudogo. Leo ni yetu yote."

Nikanywa. Kilichobaki mke wa shemasi alikimwaga nje, migombani.

Dada tulimzika kabla ya mvua kubwa. Zilipokuja, zilipenya bati lililotobolewa na risasi, zikashuka ukutani. Rangi za mlango, baiskeli na jeneza zilibaki. Ni za mafuta. Viganja viwili vya udongo viliteremka hadi sakafuni.

Nikatoka nyumbani, jambo ambalo majirani walilizungumza, nikakoroga beseni jingine. Kiganja changu nikakirudisha. Pa dada nikapaacha wazi. Mkono wangu ni mnene, wa mtu wa kukaa, usingemfaa.