Mguu Ulionivuta Kibabii

Jamani, nichekeni tu tumalize. Breki za mbele zililia kutoka Kitale mpaka Kibabii, kwa wakwe zangu. Kwetu Wabukusu, mama mkwe hata mkono humpi, kwa hivyo nilijificha nyuma ya gari, nikavua suti, nikajifunga leso ya mke wangu, kifua wazi.

Nikazuia magurudumu kwa mawe, nikapiga jeki, nikaweka stendi, nikafungua tairi la kushoto na kukagua diski ya breki. Kumbe ni kijiwe tu kilichokuwa kimenasa! Nikakitoa. Nikarudisha kila kitu, nikashusha gari. Sasa nilihitaji mtu wa kukanyaga breki mpaka ikaze.

Nikiwa nimechutama, nikaona kwa chini ya gari slipa nyekundu za mke wangu zikipita upande wa dereva.

“Mpenzi, ingia ukanyage breki.”

Slipa zikasita, kisha zikapanda.

“Tena, malkia wangu! Mguu huo ndio ulionivuta mpaka huku kwenu!”

Mara mke wangu akaita kutoka jikoni: “Baba Neema, ati umeona mama? Ametoka na slipa zangu.”

Nikaivuta leso mpaka kifuani.

“Mkwe,” sauti ikatoka kwenye usukani, taratibu, “breki imekaza. Nitoe huo mguu, ama bado?”