Mama wa Jaji na Pilau ya Jirani

Nyinyi wajukuu mtakaosoma kisa hiki, someni taratibu. Kiswahili mnakisikia, ila mkiulizwa mnajibu kwa Kiingereza. Mimi shule niliiacha mapema, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu.

Mjomba wenu, kabla ya kuwa jaji, alikuwa kocha wa timu ya mpira ya chuo, timu yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Siku ya mechi kubwa alimweka benchi kaka yenu mkubwa, mtoto wa dada yake, mfungaji wao hodari, kwa kuwa alichelewa mazoezini. Mimi nilikuwa pembeni na blanketi na chupa ya chai, baridi inanitafuna. Nikapiga kelele, "Kocha! Muingize mtoto!"

"Mama, kaa," akasema. Hata hakugeuka.

Walifungwa. Jioni akaja kwangu, akala ugali, akaomba aongezwe. Na kaka yenu siku hizi, Jumapili anafika kwangu kabla sijawasha jiko.

Basi mjomba wenu alipopewa ujaji, nikaanza kupendwa. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, hapa hapa Etobicoke, huku ughaibuni, rafiki yangu tangu tulipohamia, akaniletea hotpoti ya pilau. Sijafungua, akasema, "Dada, mjukuu wangu ana kesi ya gari. Mwambie mwanao neno moja tu. Mtoto atamkatalia mama?"

"Huyo? Alimkalisha mpwa wake benchi, nami napiga kelele."

"Ule ulikuwa mpira."

"Kama kwenye mpira alikataa, kwenye kesi je?"

Akacheka, akaiacha mezani, akaenda zake. Pilau inanukia mpaka kwenye mapazia. Nikila, watu watasema hukumu za mwanangu zinapikwa kwa mama yake. Nisipokula, namkosa rafiki. Nikashuka nayo kwa lifti.

"Unanirudishia chakula changu?"

"Chombo cha jirani hakirudi kitupu."

Alininunia. Kanisani akahamia mbele, nikawa naona kisogo tu. Mjukuu wake akatafutiwa wakili, kesi ikaisha kwa jaji mwingine. Ndipo akanigongea mlango, mikono mitupu. "Wewe una roho ngumu kama mwanao. Chai ipo?"

Ilikuwepo. Siku hizi akileta pilau anaanzia kwenye korido, "Haina kesi, fungueni!" Nasi tunakula.

Lakini amri niliyowapa watu wa nyumba hii haijabadilika: "Chakula kikija na kesi, msifunue kifuniko. Rudisheni. Mwenyewe mwacheni aingie, mumpe chai."