Mikaratusi Niliyoipanda Rweya

Kununua ndizi sokoni Muleba si kosa, ila kwa mtu wa umri wangu mwenye kibanja cha migomba alichoachiwa na baba yake, ni aibu. Mke wangu aliufunika mkungu kwa kanga, akaniambia nitangulie. Hatukufika mbali. Mama mmoja muuza dagaa, tunayefahamiana naye, aliona ncha za ndizi zimechomoza.

"Waitu mzee, umekuja kuuza au kununua?"

"Nimenunua."

"Mwenye kibanja ananunua matoke! Basi na mimi kesho nitanunua maji ya ziwa."

Watu wakacheka. Mke wangu naye alicheka, lakini aliivuta kanga akazifunika ncha zile.

Kibanja chetu kinakufa. Migomba imekuwa myembamba, upepo kidogo tu unaiangusha, na ukipasua shina lililoanguka unakuta fukusi wamelitoboa toboa. Mibuni iliyo chini yake inapigwa jua na kupukutisha majani. Kikifa kabisa, hakuna mtoto wetu atakayerudi kukaa hapa. Kitauzwa, na makaburi ya wazazi wangu yamo humo humo.

Nilipokuwa sekondari Bukoba nilijua kuchora mnyororo wa chakula: nyasi, panzi, chura, nyoka, mwewe, na mishale katikati. Nilipata alama nzuri. Sikuwahi kufikiri kwamba mishale ile inapita hapa kwetu.

Juu ya kibanja kuna mteremko wa nyasi, rweya, kama familia nyingi za huku zilivyo nao. Baba alikuwa na ng'ombe wachache. Walishiba kule juu, jioni wakashuka na samadi ikaenda kwenye migomba. Nyasi ndefu zilikatwa zikatandazwa shambani, zikafunika udongo usikauke. Chini yake minyoo ilifanya kazi yake, na maganda ya ndizi yalirudi kwa ng'ombe. Msimu wa senene, panzi wa kuliwa, ukifika, mke wangu alipanda na wenzake alfajiri kuwakusanya kwenye nyasi zenye umande. Alinikabidhi senene wake, nami nikamnunulia kanga, kama desturi yetu ilivyo.

Mimi niliiona rweya kama ardhi iliyolala bure. Watu wa Bukoba mjini walikuwa wanatafuta miti ya kujengea, na mkaratusi unakua haraka. Nikapanda mteremko wote. Mke wangu aliniuliza swali moja tu.

"Ng'ombe watakula nini?"

"Tutawauza. Siku hizi nani anachunga?"

Nilimjibu kama mtu aliyesoma anavyomjibu asiyesoma. Miti ikakua. Chini yake nyasi hazikuota, yakabaki majani makavu ambayo hata mchwa hawayashabikii. Kijito cha bondeni kilipungua hadi vyura wakanyamaza. Senene wakawa wanatua kwa majirani. Kibanja kikabaki bila samadi na bila nyasi, nami nikawa nakipalilia kwa bidii zaidi, nikidhani shida ni magugu. Kumbe nilikuwa nauvua udongo nguo yake ya mwisho.

Siku ile tuliporudi kutoka sokoni, mke wangu aliketi kumenya zile ndizi.

"Kata miti yako," alisema.

"Bado haijawa minene."

"Na wewe huongezeki unene. Kata."

Nilikata. Vijana wa jirani walinisaidia, wakachukua magogo mengine kama ujira. Nilidhani kazi imekwisha. Baada ya mvua za kwanza kila kisiki kilichipua matawi mengi zaidi ya yale tuliyokata, mabichi, yananukia, kana kwamba sikuwa nimefanya lolote. Nikakaa chini pale pale juu ya kisiki. Niliipanda kwa msimu mmoja, nikiwa na nguvu. Kuiondoa kumeniangukia sasa, na goti hili linaloniuma.

Mke wangu alikwenda kwao upande wa Rubafu, akarudi na gunia la vishina vya nyasi alivyoomba kwa kaka yake. Tukavipanda katikati ya visiki. Upande wa chini vimeshika. Upande wa juu bado, na kila asubuhi napanda na panga kuvunja machipukizi. Nikiruka siku, yananizidi.

Wiki hii amekata nyasi za kwanza, mafungu machache tu. Nilitegemea azitawanye shambani, kidogo hapa, kidogo pale. Alizimwaga zote chini ya mgomba mmoja ulio karibu na mlango wa jikoni, akazisambaza vizuri kwa mikono.

"Huo mmoja tu?" nikamuuliza.

"Tukizigawa, migomba yote italala njaa," alisema. "Leta maji."

Nikaenda kuleta maji.