Kalamu Nyekundu ya Kaka

Ukimuuliza kaka yangu kama mvua itanyesha, atataka kwanza kujua una maana gani unaposema mvua. Alianza utotoni. Tukicheza kujificha, anasimamisha mchezo ili tukubaliane nani hasa ameonekana, na tukishakubaliana tunaitwa kuoga. Mama alimpachika jina la Kifungu, nalo halikumtoka hata alipokuwa profesa wa sheria.

Amefundisha sheria ya mikataba mpaka nywele zimemwisha kichwani. Mawakili na mahakimu wa mji huu wamepita mikononi mwake, na kitabu chake kinene bado wanakibeba. Yeye mwenyewe alisimama mahakamani mara moja tu, ujanani, akaeleza hoja za upande wa pili vizuri mno mpaka mteja wake akaangua kilio. Akarudi darasani, na huko ndiko kwake. Anachokipenda kuliko vyote ni kusahihisha. Kadi za harusi, matangazo ya msiba, vyote hupitiwa na kalamu nyekundu. Wifi yangu alishaacha zamani kumwandikia vitu vya kununua sokoni.

Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa na chumba barabarani, chenye dirisha kubwa, na wateja walikuwa wamekizoea. Mwenye nyumba aliponiletea mkataba mpya, karatasi moja aliyojitungia mwenyewe, niliupeleka kwa kaka. Nilitaka aniambie kitu kimoja tu, nisaini au nisisaini.

"Kaka, mkataba huu una shida?"

"Shida? Hii ni aibu! Ona hapa: mpangaji ataondoka akipewa taarifa ya kutosha. Ya kutosha ndiyo nini?"

"Kwa hiyo nisisaini?"

"Hebu niachie."

Ulirudi umechapwa upya, kurasa tano, vifungu vimenyooka. "Taarifa ya kutosha" sasa ilikuwa mwezi mmoja, kwa maandishi, bila mwenye nyumba kulazimika kutoa sababu. Nilisaini kifua mbele. Mwenye nyumba naye alisaini, tena akauliza kama profesa angemrekebishia na mikataba yake mingine.

Mwaka haukuisha. Akatokea mtu wa duka la simu aliyekitaka chumba changu kwa kodi kubwa zaidi, nami nikapewa barua: mwezi mmoja. Nilikwenda mahakamani kuipinga, bila wasiwasi, si nina kaka profesa? Wakili wa mwenye nyumba alikuwa mwanafunzi wake wa zamani.

"Mheshimiwa," alisema, "nimesoma mikataba mingi ya pango. Sijaona uliotungwa kwa ustadi kama huu. Hauna mwanya hata mmoja."

Hakimu, naye mwanafunzi wake, akaitikia kwa kichwa. Niligeuka nyuma. Kaka alikuwa ameketi benchi la mwisho, anatabasamu. Anatabasamu! Wallahi nilitamani nimvue kiatu nimpige nacho.

Chumba kikaenda. Tulipotoka, kaka alisimama kwenye ngazi za mahakama.

"Kile kifungu cha zamani," alisema polepole, "ungeweza kukipigania miaka. Kilikuwa na mianya chungu nzima."

"Sasa ndiyo unaniambia?"

"Ulikuwa mkataba mbaya, mdogo wangu."

"Mbaya kwa nani, Kifungu?"

Alitoa kalamu nyekundu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona akiitoa bila kusahihisha kitu. Nilidhani ningefurahi. Badala yake nilimwonea huruma, na hilo likanikasirisha zaidi.

Jumamosi alinipigia simu niende kwake na cherehani zangu zote. Nilimkuta anahamisha vitabu kutoka chumba chake cha kusomea, chenye dirisha zuri kuliko yote nyumbani, anavirundika ukumbini. Jasho linamtiririka, na wifi yuko nyuma yake na ufagio, anacheka. Kaka aliponiona akatoa karatasi mfukoni.

"Nimeandika makubaliano yetu. Mafupi tu."

Damu ilinichemka. Niliinyakua nikiwa tayari kuichana mbele yake. Ilikuwa na mstari mmoja: Fundi atakaa humu kwa muda wa kutosha.

"Wa kutosha ndio nini?" nikamuuliza.

Aliinama akashika upande mmoja wa meza, akanisubiri nishike wa pili.