Si Mtungi wa Gesi

Watu wa ofisi ya maafa waliniomba nisimulie yaliyonikuta, wanirikodi kwa simu, kisha waniweke kwenye ukurasa wao. Wakaniambia: dakika moja tu, Bi Rukia, watu siku hizi hawana subira. Nikawajibu kwamba subira hata mimi sina tangu nizaliwe, lakini habari hii siifupishi. Kilichonilaza kitandani ni habari iliyofupishwa. Basi nimekaa nikaiandika yote, na anayetaka kuisoma aisome mpaka chini.

Nilikuwa mzima kama ulivyo wewe. Kazi yangu ni udobi katika hoteli moja ndogo ya Mji Mkongwe, kufua mashuka na kupiga pasi, kazi ya kusimama kutwa, nami naipenda kwa sababu kukaa ndiko kunakonichosha. Naishi na mama mkwe wangu, Bi Kidawa, na wifi yangu, Maryam, ghorofa ya kwanza katika nyumba ya uchochoroni. Mume wangu, Seif, yuko Pemba kikazi, na mtoto wetu yuko naye. Bi Kidawa husema nina siafu kwenye nyayo, na hakosei sana.

Jikoni kwetu kuna mitungi miwili. Mmoja wa gesi. Mwengine wa udongo, wa maji ya kunywa, aliourithi Bi Kidawa kwa mama yake, maana maji ya friji yeye hayataki, anasema yanamkata meno. Kila asubuhi kabla ya kazi nilikuwa nachemsha maji kwenye gesi, nayaacha yapoe, nayachuja, nayatia kwenye mtungi wa udongo. Mtungi mmoja ulikuwa unaulisha mwengine.

Masika yale mvua ilitukalia vichwani. Vichochoro vikageuka mito, maji ya makaro yakapanda, na maji ya bomba yakawa yanatoka yana rangi ya chai. Katikati ya mvua hizo jiko la gesi likaripuka katika fleti moja huko Michenzani. Hakufa mtu, liliungua pazia na kabati tu, lakini picha zilizunguka kwenye simu mpaka kila mtu mjini akawa anaunusa mtungi wake kabla ya kulala.

Siku chache baadaye, pasi mkononi, nikasikia simu inalia. Lilikuwa kundi la mtaa. Jirani yetu Bwana Othman, fundi redio, mtu mwema ambaye hakuna habari isiyopitia kwake, alikuwa amerusha picha ya tangazo lenye nembo ya ofisi ya maafa. Maandishi mekundu, makubwa: TAHADHARI. MRIPUKO UMETHIBITISHWA MJINI. WANANCHI CHUKUENI HADHARI MAJUMBANI MWENU. Basi. Chini yake hapakuwa na kitu.

Kwetu sisi mripuko ni neno la mambo mawili. Kitu kikipasuka ni mripuko, na maradhi yakizuka nayo huitwa mripuko. Hili la pili ni neno la adabu pia, kwani kipindupindu ni jina ambalo watu hawapendi kulitamka, wanaona kulitamka ni kulikaribisha. Lakini wiki ile, baada ya pazia la Michenzani, mripuko ulikuwa na maana moja tu vichwani mwetu.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Bi Kidawa ameshautoa mtungi wa gesi uwani na kuufunika gunia bichi.

"Shikamoo mama. Mbona mtungi uko nje?"

"Marahaba. Hukusoma? Serikali ishasema, mripuko umethibitishwa. Mimi kufa kwa moto sitaki."

"Na maji ya kunywa ntayachemshia wapi?"

"Makaa yamerowa, yalobaki ni ya kupikia wali. Tutakunywa ya bomba. Ndo tuliyokunywa toka utotoni na hatujafa."

Nilichungulia dirishani. Mtaa mzima mitungi ya gesi ilikuwa nje, imepangwa ukutani kama watoto wa chuo cha Kurani waliopewa adhabu. Nikaona basi, kama ni wazimu, ni wa wengi. Nikakinga maji ya bomba, nikayachuja kwa kitambaa, nikaujaza mtungi wa udongo, nikanywa kikombe kizima kwa kiu ya kutoka kazini.

Maradhi yalinianza asubuhi, naufunga ushungi niende kazini. Tumbo likanguruma bila kuuma. Nikaingia chooni, nikatoka, na kabla sijafika mlangoni nikarudi tena. Mara ya tatu hakikutoka kinyesi, yalitoka maji meupe kama yale ya kuoshea mchele, na yalitoka bila kuniomba ruhusa. Samahani wanaokula, lakini nimeambiwa nisimulie na nasimulia. Kisha matapishi. Kisha misuli ya miguu ikanikaza, nikalia kwa sauti mimi ambaye nilijifungua bila kulia.

Lililonitisha zaidi ni vidole. Vilikuwa vimekunjana, vimesinyaa, kama siku za kufua mashuka ya hoteli nzima. Nami siku ile nilikuwa sijagusa hata ndoo.

Bi Kidawa alikuja, akanitazama, akatoa hukumu. "Umevuta gesi wewe. Ule mtungi ulikuwa unavuja."

Madirisha yakafunguliwa. Nikapepewa kwa kipepeo cha ukili. Na ili niipoze hiyo gesi, nikapewa maji. Kutoka kwenye mtungi wa udongo. Kikombe baada ya kikombe, kwa mapenzi matupu, na kila kikombe alichoninywesha, na yeye alipiga funda.

Maryam ndiye aliyechoka kupepea. Alichukua simu yake, akaingia kwenye ukurasa wa ofisi ya maafa, akaandika: Wifi yangu amevuta gesi, anaharisha na kutapika, tumpe nini? Papo hapo likaja jibu: Ahsante kwa kuwasiliana nasi, ujumbe wako umepokelewa. Akafurahi. Kisha akagundua kwamba ni mashine, jibu lile lile humpa kila mtu. Nilimsikia akiitukana mashine matusi ambayo sikujua kwamba anayajua.

Akaandika tena, na tena. Mwisho akajibu binadamu.

"Anasema, gesi haiharishi mtu," Maryam akatusomea. "Anauliza, maji mnayokunywa mnachemsha?"

Bi Kidawa akakunja uso. "Mwambie tumeacha kuchemsha kwa amri yao wenyewe."

Maryam akaandika hivyo hivyo. Kisha yakaja maneno mengi kwa mpigo: asinywe tena maji hayo, mko wapi, gari linakuja. Lakini gari haliingii vichochoroni kwetu, wala nyumba zetu hazina namba ya kumwelekeza mgeni. Maryam alipiga picha mlango wa nyumba, akapiga picha ya duka la pembeni, akapiga picha ya njia mpaka barabarani, akazituma zote, na wao wakawa wanamjibu, sawa, tumeiona, tunakuja.

Nilishushwa ngazi nimefungwa kwenye kiti cha kulia chakula. Wanaume wanne wa mtaani walikibeba mpaka kwenye gari barabarani, na mguu mmoja wa kiti ulikuwa mkononi mwa Bwana Othman. Kila walipotikisika nilijichafua, na maji yakamchuruzikia mkononi, wala hakuuachia. Akawa ananiambia, "Himili, dada yangu. Gesi hii itatoka tu."

Gari lilinifikisha kwenye kambi ya wagonjwa, wakanilaza kwenye kitanda chenye tundu katikati na ndoo chini yake. Hapo aibu inakwisha, ukitaka usitake. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye buti za mpira, alinibana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, na ngozi ikabaki imesimama. Akanitoboa mikono yote miwili, dripu mbili kwa pamoja.

"Ni gesi?" nikamuuliza. Sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilikuwa mkwaruzo, kama mlango ulioshika kutu.

"Gesi gani? Hichi kipindupindu. Ungechelewa kidogo tu, ningekuwa naongea na watu wako, si na wewe."

Watu wengi hulia wakisikia hivyo. Mimi nilishikwa na wasiwasi wa namna nyengine. Nilimkumbuka Bi Kidawa na mafunda yake. Nikaukumbuka mtaa mzima, mitungi ya gesi nje, mitungi ya maji ndani, na wote wanasubiri moto ambao hauji. Nikataka kuinuka. Nilijaribu kumwita mlinzi, mpishi, yeyote, niseme wachemshe maji, na kila nilipofungua mdomo ukatoka ule mkwaruzo tu. Nilitamani kukimbia, na miguu ilikuwa haifiki hata ukingoni mwa kitanda.

"Tulia," daktari akaniambia. "Unaivuta sindano."

"Siwezi kutulia. Kuna watu wanakunywa."

Nadhani alinielewa kwa macho, si kwa masikio. Aliondoka, na baadaye kidogo akarudi na mtu wa ofisi ya maafa. Jina lake Bi Salama, ndiye yule binadamu aliyemjibu Maryam kwenye ukurasa. Alitaka kuona tangazo tulilolisoma sisi. Nikamwonesha kwenye simu yangu iliyotiwa kwenye mfuko wa nailoni. Akalitazama, akakaa chini, bila kujali ndoo iliyokuwa pale.

"Hili nusu," akasema. "Chini palikuwa na maelezo. Maradhi ya kuharisha na kutapika, chemsheni maji, osheni mikono. Nani kalikata?"

Tulikuja kujua baadaye kwamba ni Bwana Othman. Alikata kwa nia njema kabisa. Maandishi ya chini yalikuwa madogo, naye alisema watu hawasomi maandishi madogo, ataachia lile neno kubwa liwashtue. Kushtuka tulishtuka.

Bi Salama alikuwa anavigongagonga vidole kwenye simu yake. "Nikiweka tangazo jengine, nalo watalikata. Au watasema ni la uongo. Wewe wanakujua?"

"Nafua mashuka, lakini napigia pasi nguo za harusi za mtaa mzima," nikamwambia.

"Basi sema wewe. Sema kwa sauti hiyo hiyo."

Akanishikia simu mdomoni. Nilisema hivi, na nayakumbuka maneno yangu kama nilivyoyatoa, moja moja:

"Majirani, mimi Rukia, mkwe wa Bi Kidawa. Sikuvuta gesi. Si mtungi wa gesi, ni mtungi wa maji. Hichi kipindupindu. Rudisheni mitungi ndani, washeni majiko, chemsheni maji. Mama, na wewe usinywe. Nakuombeni."

Bi Salama aliiweka sauti ile kwenye ukurasa wao, mimi nikaitia kwenye kundi la mtaa. Sauti haikatiki kirahisi kama picha. Ilirushwa kila pembe. Maryam ananisimulia kwamba uchochoro mzima ulinisikia kwa wakati mmoja, simu hii inamaliza, ile inaanza, nami nakwaruza katika kila dirisha. Bwana Othman alitoka nje bila viatu, akawa anaibeba mitungi ya watu na kuirudisha ndani mwenyewe, nyumba kwa nyumba, analia.

Bi Kidawa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia bintiye, kwa sauti ndogo, "Maryam, na mimi nna tumbo. Toka asubuhi."

Alikuwa ameficha. Mwanamke wa heshima zake, aliona aibu kusema kwamba anajichafua, na angeendelea kuona aibu mpaka mwili umshinde, kwa umri ule. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Aliletwa kambini anatembea kwa miguu yake, akalazwa kitanda cha pili yangu, akazitazama dripu zangu, akasema, "Hata hapa hutulii?" Nikalia. Nililia kwa furaha, na kwa kuwa hatimaye nilikuwa na maji mwilini ya kulilia.

Tulipona sote wawili. Tulirudi nyumbani wembamba, tumeshikana mikono, na cha kwanza alichofanya Bi Kidawa ni kuuosha mtungi wa udongo kwa maji ya moto. Namshukuru Mungu aliyenirudisha. Namshukuru daktari wa buti za mpira, na Bi Salama, na Maryam na matusi yake. Namshukuru hata Bwana Othman, ambaye siku hizi harushi kitu mpaka akisome chote kwa sauti, na sasa tunamkimbia kwa sababu hiyo.

Wewe unayesoma, ukiletewa tangazo tafuta lilipoanzia, ulione zima kabla hujamrushia mwenzako. Na nyinyi wa ofisini mnaoandika matangazo, maradhi yapeni jina lake, na lije juu, kwa herufi kubwa. Ofisi ile sasa hufanya hivyo. Na ukishikwa na tumbo usione haya kusema. Mimi nimeeleza choo changu mbele ya kisiwa kizima na bado naalikwa harusini.

Juzi nilikwenda kujaza gesi katika duka ambalo sijawahi kuingia. Mvua zilikuwa zinaanza tena. Muuzaji alikuwa ameinamia simu yake, na simu ilikuwa inakwaruza: si mtungi wa gesi, ni mtungi wa maji. Sauti yangu imerudi zamani, safi, hakuna wa kunitambua kwayo.

"Hii kila masika hurushwa," akaniambia, huku anatikisa kichwa. "Mimi hapo ndo nnapokumbuka kuchemsha. Maskini yule mama, sijui kama alipona."

"Alipona," nikamwambia. "Nipe mtungi uliojaa, nna maji ya kuchemsha."