Lenzi ya Karibu

Mama yangu alipata mtoto wa jicho macho yote mawili, mpaka akawa ananitambua kwa sauti. Miaka hiyohiyo bei ya kahawa ilianguka, biashara ikawa huria, kila mtu huru kupata hasara. Nami, mwalimu mzima wa fizikia pale Kibosho, nikang'oa mibuni yote aliyoipanda na marehemu baba, nikapanda nyanya. Sikumwambia. Mgonjwa hasumbuliwi, au sivyo? Mtoto mwema kweli kweli.

Hospitalini Moshi mjini daktari alisema wataanza na jicho moja: watatoa lenzi yenye ukungu, waweke ya plastiki. Lenzi tuliyozaliwa nayo hujinenepesha tukitazama karibu. Ya plastiki haiwezi, inabaki ilivyo. Kwa hiyo achague, aone vizuri mbali au karibu.

"Mbali," alisema Mama. "Nataka nikikaa barazani nione kahawa yangu."

Nikadakia haraka. Basi nikafundisha kwa nini karibu ndiyo bora, chaki tu ndiyo iliyokosekana: lenzi yenye nguvu zaidi, miale inavyopindwa, rozari, kuchambua maharage. Huko mbali kuna nini cha kutazama, jamani?

Mama aliitikia. "Haya, mwalimu ndiye anayejua."

Bandeji ilipotolewa alinishika mashavu, akanivuta karibu. "Umezeeka, baba," akacheka. Kutoka barazani aliona ukijani tu, akasema shamba limependeza. Nikajipongeza, bingwa wa miale.

Kumbe nilisahau jambo moja lisilokuwemo kwenye silabasi: Mama ana miguu. Siku ya tatu alichukua fimbo akateremka shambani mwenyewe, na kila alichokiinamia alikiona safi, kama nilivyompigania.

Alirudi na jani la isale alilokata mpakani. Kwetu Uchaggani mkosaji ndiye hulipiga fundo akampelekea aliyemkosea, na akipelekewa hawezi kukataa kusamehe. Aliyekosewa kwenda kulikata mwenyewe, hilo sikuwahi kulisikia.

"Funga, unipe," alisema. "Nikikungoja wewe nitakufa nimekasirika. Na jicho la pili ni la mbali. Daktari nitaongea naye mimi."

Niliona aibu, nikalia kama mtoto. Fundo likanishinda. Akalichukua jani, akalisogeza karibu na jicho lake jipya, akanifungia.